Kiuno cha Skii

Laza skii sakafuni uitazame kutoka juu. Mbele ni pana, katikati imebanwa, nyuma inapanuka tena. Kiuno hicho ndicho kinachoipa kona.

Ikilala bapa juu ya theluji, skii huteleza moja kwa moja. Ikiinamishwa ubavu, ukingo wake wa chuma huanza kuuma. Kwa kuwa ncha zake ni pana, ndizo zinazogusa kwanza, na chini ya buti hubaki nafasi. Uzito wa mtu huikandamiza sehemu hiyo mpaka nayo iguse, na skii nzima hukunjika kama upinde wa mshale. Ukingo uliopinda hivyo huchimba mfereji mwembamba kwenye theluji ngumu, na skii huufuata bila kuburuzwa.

Hesabu ya kona hiyo inavutia. Chukua urefu wa sehemu inayogusa theluji, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara nane ya kina cha kiuno. Urefu ukiwa sentimita 160 na kiuno kikiwa kimeingia milimita 7 kila upande, unapata duara lenye nusukipenyo cha karibu mita 46. Kiuno kikiingia milimita 20, nusukipenyo kinashuka hadi mita 16. Tofauti ya milimita 13 tu! Na kadiri mtu anavyoilaza skii, duara huzidi kubana: kwenye nyuzi 60 linabaki karibu nusu yake.

Katika karne ya 19, Sondre Norheim wa Telemark, Norwei, alisifika kwa skii zenye kiuno. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia kiuno kilibaki chembamba kwa kiasi kidogo tu, na watu wengi walikata kona kwa kuisukuma mikia ya skii pembeni, wakiikwangua theluji na kupoteza mwendo. Wahandisi Jurij Franko na Pavel Škofič wa kiwanda cha Elan, Slovenia, ndio waliothubutu kukichimba kiuno kwa kina. Skii yao, SCX, iliingia sokoni mwaka 1993, na viwanda vingine vikafuata. Kwangu mimi, hakuna badiliko lililomsaidia mwanafunzi wa skii kuliko hilo.

Snobodi hufuata kanuni ileile, ila ni fupi, na nusukipenyo chake mara nyingi ni mita 7 hadi 9. Upana wake una gharama: kuhama kutoka ukingo wa vidole hadi ukingo wa visigino huchukua muda zaidi.

Kwenye theluji laini yenye kina, ukingo hauna cha kuuma. Ndiyo maana mwanaskii Shane McConkey aliigeuza kanuni: skii yake ya Spatula, ya mwaka 2002, ilikuwa na tumbo pana na ncha nyembamba zilizoinuka, ikaelea na kugeuka kwa wepesi. Kwenye theluji ngumu haikufaa.

Unapokodi skii, tafuta nusukipenyo kilichoandikwa juu yake, aghalabu kwa herufi R. Kama ndiyo unaanza, chagua namba ndogo.