Rufaa ya Mauaji Ndani ya Boma Moja

Mzazi wa Nyanchwa, Kisii, aliyemzika mtoto mmoja, kisha akamwona mwingine akipelekwa gerezani kwa kumuua nduguye, huwa na swali moja: "Wakili, sisi wenye msiba tumeshasamehe. Rufaa si itapita?" Ni vigumu kumjibu mtu mwenye matanga mawili, lakini afadhali alipate jibu mapema. Msamaha wa familia haufuti hatia. Anayeshtaki kwenye kesi ya mauaji ni Jamhuri, si jamaa wa marehemu. Ni kweli kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana na fidia kulipwa. Hata hivyo ombi lilitoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na mshtakiwa alikuwa bado hajahukumiwa. Baada ya hukumu, mlango huo umefungwa.

Unaobaki wazi ni mlango wa ushahidi. Kesi za mauaji za Gusii husikizwa na Mahakama Kuu, Kisii au Nyamira, na rufaa zake kwa kawaida huenda kwa majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, Kisumu. Kule mashahidi hawarudi kizimbani. Majaji husoma kumbukumbu za kesi, neno kwa neno, na kuusikiliza upande wa mrufani na ule wa mashtaka. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, inayotajwa karibu katika kila hukumu ya rufaa nchini, mrufani ana haki ya kuona ushahidi wote ukipimwa upya na mahakama ikifikia uamuzi wake yenyewe. Majaji hukumbuka tu kwamba wao hawakumwona shahidi akisema, akisitasita au akilia.

Sasa fikiria ushahidi wa boma letu. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba katika Kaunti ya Kisii. Nyumba ya kaka inatazamana na ya mdogo wake, na katikati kuna migomba na mpaka unaogombaniwa. Ukipigwa ukemi usiku, wa kwanza kufika ni shemeji, mke mwenza au mpwa, na kila mmoja wao ana lake kuhusu shamba lile. Udugu peke yake haumfanyi shahidi kuwa mwongo. Lakini kama palikuwa na chuki ya zamani, wakili alipaswa kumhoji shahidi juu yake mbele ya jaji wa kwanza. Lisiloulizwa siku ile halimo kwenye kumbukumbu, na majaji wa Kisumu hawatalikisia.

Watu husema, "Nitakosaje kumtambua mjomba wangu?" Mahakama hukubali kwamba kumtambua mtu unayemjua kunaaminika kuliko kumtambua mgeni. Hata hivyo huonya kwamba watu hukosea hata kwa ndugu wa karibu. Basi huulizwa: Mwanga ulitoka wapi, koroboi au tochi? Taa ilikuwa mezani au mkononi mwa mshambuliaji? Shahidi alisimama umbali gani, na kwa muda gani? Je, alimtaja mtu huyo kwa chifu au polisi alipoulizwa mara ya kwanza? Nyuzi nyingi za hukumu hukatikia hapo, na naona ni sawa zikatike. Kifungo cha maisha hakifai kuning'inia kwenye mwanga ambao hakuna aliyeueleza.

Kanuni inayowalinda washtakiwa wetu ilitokana na msiba wa nyumba moja kama hizi. Desemba 1934, huko Somerset, Uingereza, kibarua wa shamba aitwaye Reginald Woolmington, mwenye miaka 21, alimpiga risasi mkewe Violet, aliyekuwa amerudi kwa mamake. Alisema alitaka kumtisha kwamba angejiua, bunduki ikafyatuka. Jaji aliliambia baraza la kesi kwamba ni juu ya mshtakiwa kuonyesha kuwa ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa, na rufaa yake ya kwanza ikakataliwa. Mei 1935 House of Lords ilibatilisha hukumu: upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha hatia, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyesema Violet hakufa kwa mkono wa mumewe. Kilichokosekana ni uthibitisho wa nia.

Nia ndiyo inayobadilisha rufaa nyingi za kifamilia. Ugomvi ukizuka ghafla na panga likanyanyuliwa kwa hasira iliyochokozwa, majaji wanaweza kuondoa hatia ya mauaji na kuweka ya kuua bila kukusudia. Wanaweza pia kumwachilia mrufani, kuikataa rufaa, au kuagiza kesi isikizwe upya, ingawa si kwa ajili ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mianya yake. Na yale maneno "alikiri mbele ya chifu", yanayorudiwa sana vijijini, hayatoshi: Sheria ya Ushahidi inataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo kilichowekwa asiyeipeleleza kesi hiyo.

Machozi ya mama yana mahali pake pia, napo ni kwenye adhabu. Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Tangu hapo jaji husikiliza hali ya mkosaji, majuto yake, na kauli ya jamaa wa marehemu. Familia iliyopatana iyaseme hayo hapo, kwa maandishi, kabla adhabu haijatolewa.

Na aliyehukumiwa asingoje ndugu wamalize kikao. Ilani ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya uamuzi, na mfungwa anaweza kuitoa kupitia maofisa wa gereza alimo. Siku hizo zikipita, lazima kwanza aiombe mahakama imwongezee muda, na aeleze ni kwa nini alichelewa.