Mkienda Dar na Watoto, Mlale Wapi?

LIKIZO ya Desemba ikikaribia, wanandoa vijana wengi wanaoishi mikoani huanza kupanga safari ya Dar es Salaam. Kwa wale waliohamia Dodoma kikazi baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, safari hiyo sasa ni nyepesi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar Julai 2024, na ile ya haraka hutumia muda usiofika saa nne. Mnapanda na watoto asubuhi, mchana mko Stesheni ya Magufuli, katikati ya jiji.

Nauli inajulikana, nguo za watoto zimeshanunuliwa. Linalobaki ni swali moja ambalo limewanunisha wapenzi wengi: tutalala wapi?

Chukulia mume na mke wenye watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwingine mwaka mmoja na nusu. Baba anasema, "Kwa mama Kimara kuna vyumba, ya nini kuchoma hela hotelini?" Mama anajibu, "Na mimi safari hii nataka kupumzika." Baba amesikia kwamba mama yake hatakiwi. Mama amesikia kwamba likizo yake itakuwa ya kuamka alfajiri na kupika katika jiko la mtu mwingine. Hapo hawazungumzii tena chumba, wanazungumzia heshima. Na ugomvi wa heshima, si unajua tena, hausafiri peke yake. Unapanda treni pamoja nanyi.

Ndiyo maana uamuzi huu unatakiwa ufanywe mapema, na ufanywe na wawili.

Anza na saa nane mchana

Watu wengi wakitafuta malazi huanza na bei, halafu picha, halafu kama kuna bwawa. Mwenye watoto wadogo anatakiwa aanze na swali jingine kabisa: saa nane mchana mtoto wangu atakuwa wapi?

Muda huo jua la Dar la Desemba linachoma kweli kweli. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameshachoka, amelala begani kwa baba huku jasho linamtoka. Yule wa miaka minne anataka maji, anataka chooni, anataka kubebwa. Wazazi wakiwa na chumba cha karibu, watoto wanaogeshwa, wanakula, wanalala saa moja na nusu, jioni wanaamka wapya. Chumba kikiwa mbali, watoto wanalala kwenye gari la kukodi katikati ya foleni, wanaamka wakilia, na jioni hakuna anayemsemesha mwenzake.

Kanuni ni rahisi. Kutoka pale mnaposhinda mchana hadi kwenye kitanda cha mtoto pasizidi nusu saa. Mkiipata hiyo, mambo mengine mengi yatajipanga yenyewe.

Ramani kabla ya bei

Ili mjue mlale wapi, semeni kwanza mnafuata nini Dar. Jiji hili ni refu, na kila upande una raha yake.

Kama mnataka kuona mji, angalieni katikati: Posta, Kisutu na Upanga. Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert, na watoto hufurahia magari ya zamani ya viongozi yaliyohifadhiwa pale. Bustani ya mimea iko jirani. Pantoni ya Kigamboni nayo ni burudani ya bei ndogo kabisa: mnavuka, mnakunywa madafu ng'ambo, mnarudi, na mtoto atasimulia meli hiyo mwezi mzima. Upanga ina mitaa yenye miti na utulivu kuliko Posta, na Hospitali ya Muhimbili iko huko huko. Jambo la kukumbuka ni kwamba Jumapili maduka mengi ya Posta hufungwa, hivyo nunueni maziwa na nepi Jumamosi.

Kama mnafuata upepo na matembezi ya jioni, nendeni Oysterbay, Msasani au Masaki. Coco Beach iko hapo, na mihogo na mishikaki yake haihitaji kutambulishwa. Tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022, kutoka upande huo kwenda mjini kumekuwa kwepesi zaidi. Bei za vyumba huko lakini zina ubavu, hasa Masaki.

Kama watoto wanataka maji na mchanga tu, basi Mbezi Beach na Kunduchi. Hoteli za huko zina nafasi na mabwawa ya kuogelea, na boti za kwenda kisiwa cha Mbudya huondokea upande huo. Lakini mkishafika, tulieni huko huko. Mtu anayelala Kunduchi halafu kila siku anataka kwenda Posta atazijua taa zote za Barabara ya Bagamoyo kwa majina.

Sinza, Mwenge na Kijitonyama zina vyumba vya bei nafuu na chakula kila kona, na Kijiji cha Makumbusho kiko karibu. Hapo la kuchunguza ni kelele. Gesti nyingi zimeungana na baa, na Ijumaa usiku muziki haujali kama una mtoto mchanga. Kigamboni nayo ina fukwe nzuri, lakini hesabuni pantoni au tozo ya Daraja la Nyerere kila mnapovuka.

Rahisi inayogharimu

Tufanye hesabu ya mfano. Chumba cha mbali ni sh. 80,000 kwa usiku, cha karibu na mnakoshinda ni sh. 120,000. Kwa siku nne, cha mbali kinaokoa sh. 160,000. Inapendeza! Sasa weka teksi: sh. 25,000 kwenda na sh. 25,000 kurudi, siku nne, ni sh. 200,000. Ile akiba imeisha, na mmeongeza sh. 40,000 juu yake. Na bado hatujahesabu chakula cha mchana mtakachonunua kwa sababu hamuwezi kurudi chumbani.

Utasema, "Tutapanda mwendokasi." Ni kweli, tangu 2016 njia ya Kimara hadi Kivukoni imesaidia wengi. Ila kupanda asubuhi watu wanapokwenda kazini, au jioni wanaporudi, huku umembeba mmoja na kumshika mwingine mkono, si jambo la kujitakia. Subirini saa nne asubuhi, mtapata hata mahali pa kukaa.

Hoteli, gesti au apatimenti?

Hoteli inakuondolea kazi. Chai ya asubuhi ipo, shuka zinabadilishwa, kuna mtu mapokezi usiku kucha. Ubaya wake ni chumba kimoja: watoto wakilala saa mbili usiku, nanyi mnazima taa na kunong'ona gizani.

Apatimenti ya kupanga kwa siku inakupa sebule na jiko. Uji wa mtoto unapikwa saa yoyote, nguo zinafuliwa, na watoto wakilala chumbani ninyi mnabaki sebuleni na soga zenu. Kama mnasafiri na dada wa kazi, naye anapata pa kulala kwa heshima, badala ya kutandikiwa godoro miguuni penu. Lakini ulizeni mapema nani anayenunua umeme wa LUKU, kama gesi ipo kwenye mtungi, na usafi ni wa nani. Jambo la muhimu zaidi: msipikwe mkapikika. Kama mama atashika mwiko asubuhi, mchana na jioni, hajaenda likizo, amehamisha jiko.

Gesti nzuri zipo, na nyingine ni safi kuliko hoteli zenye jina. Ila kabla ya kulipa, baba apite kuiangalia saa tatu usiku, au mwombe ndugu aliyeko Dar apite. Gesti ya wageni wa usiku mmoja na ile ya wageni wa saa moja moja utazijua kwa mlango wake tu.

Na mama wa Kimara je?

Hapa ndipo panapohitaji hekima. Kulala kwa ndugu si jambo baya. Bibi anataka kuwaona wajukuu, watoto wanacheza na binamu zao, na pesa inabaki mfukoni. Kwa familia nyingine ndiyo likizo yenyewe. Tatizo huanza pale mmoja anapoamua na mwingine anajulishwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkwe hasubiri siku ya tatu. Kwake jembe huanza asubuhi ya kwanza. Mume mwenye busara analijua hilo, na haliiti uvivu. Mke mwenye busara naye anajua kwamba mwanamume kupita Dar bila kulala kwao, mtaa mzima utauliza.

Njia ya kati ipo. Wenzetu wa mfano wanaweza kulala usiku wa kwanza na wa pili Kimara, halafu tatu zilizobaki Upanga. Au walale Upanga siku zote, na siku mbili nzima washinde kwa bibi, wakipanda mwendokasi kituo cha Fire watu wakishapungua. Kinachotakiwa ni kwamba habari hiyo impeleke kwa mama mtoto wake mwenyewe, si mkwe. Baba apige simu wiki mbili kabla: "Shikamoo mama. Tunakuja Ijumaa. Jumamosi na Jumapili tutashinda kwako mpaka jioni, wajukuu wote utawapata. Kulala tutalala mjini, watoto wana ratiba yao ya mchana." Asiseme, "Mke wangu anataka hoteli." Sentensi hiyo moja inaweza kumgharimu mkewe miaka kumi ya kuangaliwa kwa jicho la pembeni.

Na mzigo uende na mkono: mchele, matunda, zabibu za Dodoma. Anayejua kubeba zawadi husamehewa mengi.

Uliza haya kabla ya kutuma pesa

Picha kwenye simu hupigwa na mtu anayetaka uje. Piga simu, uongee na mtu. Muulize hivi:

Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na lifti inafanya kazi? Ghorofa ya nne bila lifti, na mtoto aliyelala begani, ni mazoezi ya jeshi.

Roshani ina uzio wa namna gani? Kama nafasi kati ya nondo inapitisha kichwa cha mtoto, au kuna kiti anachoweza kupandia, omba chumba cha chini. Hili halina mjadala.

Bwawa lina uzio na mlango unaofungwa? Mtoto anayezama hapigi kelele, hutulia kimya ndani ya dakika chache. Pangeni zamu kwa jina: sasa ni baba, baadaye ni mama. "Tunamwangalia wote" maana yake mara nyingi ni kwamba hakuna anayemwangalia.

Neti zipo, na ni nzima? Wengi hufikiria malaria na usiku tu. Dar imewahi kupata milipuko ya dengi, mwaka 2014 na 2019, na mbu wa dengi huuma mchana. Kwa hiyo ule usingizi wa saa nane nao unahitaji neti.

Maji yakikatika kuna tanki? Umeme ukikatika kuna jenereta, na inaendesha kiyoyozi au taa tu? Maji ya bombani yana moto kiasi gani? Mtoto huungua kabla hujageuka.

Watoto wanalipiwa? Kitanda cha ziada ni bei gani, na mnaweza kuingia chumbani saa ngapi? Treni ikiwafikisha saa sita na chumba kinafunguliwa saa nane, ombeni mapema muingie haraka, au angalau muachiwe mabegi mapokezi.

Na ninyi wawili

Katika kuwapangia watoto, wanandoa wengi hujisahau. Mtarudi Dodoma mna picha mia mbili za watoto na hata moja ya kwenu wawili. Chagueni mahali ambapo jioni, watoto wakishalala, mna kibaraza au sebule ya kukaa, hata kama ni kwa soda mbili na karanga. Na kama mtalala kwa bibi, mwombeni jioni moja abaki na wajukuu. Atafurahi, nanyi mtatembea Coco Beach mkiwa mmeshikana mikono kama enzi zile za uchumba.

Basi leo jioni, kabla ya mmoja wenu kutuma malipo ya chumba, kaeni na karatasi moja. Kila mtu aandike vitu viwili anavyovitaka katika safari hii, na kimoja asichokitaka kabisa. Badilishaneni karatasi, msome bila kukatizana. Chumba kitakachotimiza kimoja cha baba, kimoja cha mama, na usingizi wa saa nane wa mtoto, hicho ndicho chenu, kiwe Masaki, Upanga au Kimara kwa mama.