Riwaya ya Dhahabu Yataka Upelelezi

Wapo askari wa jeshi na polisi wenye kipawa cha kutunga hadithi, na baadhi yao hutamani kuandika riwaya ya zama za dhahabu. Kwa walioko Arua na Koboko, kisa hakiko mbali. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo, dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, kisha ikapatikana Moto, karibu na Watsa. Faida ilikwenda kwa watawala wa Kibelgiji. Sururu na karai vilikuwa mikononi mwa wenyeji, wengi wao wakifanyishwa kazi kwa nguvu.

Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Riwaya ya historia huundwa kwa upelelezi, na kazi hiyo askari aijua kuliko watu wengi.

Jambo la kwanza ni tarehe. Mtunzi akimweka polisi wa Uganda mjini Arua mwaka 1905, msomaji mwerevu atakifunga kitabu. Wakati huo sehemu hizi zilikuwa katika eneo la Lado, ambalo Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo hilo likaingia Sudan, na mwaka 1914 upande wa kusini ukatiwa Uganda. Hivyo mtu wa Koboko aliweza kutawaliwa na serikali tatu bila kuhama nyumba yake. Hapo pekee pana hadithi.

Jambo la pili ni mashahidi. Vitabu vya kampuni huhesabu uzito wa dhahabu. Havisemi mchimbaji alikula nini jioni, wala mkewe alimngoja miaka mingapi. Hayo hukaa vinywani mwa wazee. Wakakwa, ambao leo wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini, wana jamaa pande zote za mpaka. Wazee wasikilizwe kwa lugha zao, Kikakwa, Kilugbara au Kinubi, kabla hawajatuondokea; na maneno ya mmoja yapimwe kwa ya mwingine.

Jambo la tatu ndilo zito, maana lawagusa wenye sare. Wakati wa uasi wa Kongo wa 1964 na 1965, dhahabu ilivuta macho tena. Tarehe 4 Februari 1966, Mbunge Daudi Ocheng alitaka Kanali Idi Amin asimamishwe kazi ili akaunti yake ya benki ichunguzwe. Waziri Mkuu Milton Obote naye akatajwa. Tume ya majaji ikaundwa. Kabla mwezi haujaisha, mawaziri watano walikwisha kamatwa, na katiba ikasimamishwa.

Kisa hicho chamvutia mtunzi yeyote. Hata hivyo, shutuma si hatia. Asiye na ushahidi na atumie jina la kubuni, asije akamtwika marehemu kosa lisilothibitishwa, ilhali watoto wake tungali nao.

Askari aendapo nyumbani kwa likizo, na achukue daftari, akae na wazee, aulize, kisha anyamaze asikilize.