Flash yaipiku mashine ya kurekodi Mbulu na Hanang

Mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay na mfugaji wa Basotu wana kila sababu ya kutaka mashine ya kuwarekodia vipindi wasipokuwepo nyumbani. Saa ya tamthilia huwakuta shambani, mnadani au njiani. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Katesh au Haydom anayepanga kujaza duka lake ving'amuzi vyenye disk ya kurekodia, ningemshauri aweke fedha yake kwingine. Haja ipo, tena kubwa, ila imeshapata jibu la bei ndogo.

Mashine hizi zina historia ndefu. TiVo na ReplayTV ziliingia sokoni Marekani mwaka 1999. DStv ikaleta king'amuzi chake cha kurekodi Afrika Kusini mwaka 2005, kisha Explora mwaka 2013. Mteja aliahidiwa kusimamisha kipindi akapokee simu, kupanga vipindi vya wiki nzima na kuruka matangazo. Mwaka 2025 TiVo yenyewe iliacha kuuza mashine hizo, maana wateja wake walikuwa wamehamia kwenye intaneti.

Kwetu kikwazo cha kwanza ni umeme. King'amuzi cha kurekodi lazima kiwe kimewaka saa ya kipindi inapofika. Umeme ukikatika saa hiyo, kipindi kimepotea. Nyumba inayotumia sola, yenye betri ndogo na televisheni ya volti 12, haiwezi kuacha disk izunguke usiku kucha ikimsubiri mwenye nyumba. Kikwazo cha pili ni mfuko. Fedha ya mkulima huja kwa msimu, alizeti au mbaazi zikiuzwa, ilhali kifurushi kinadaiwa kila mwezi. Tena alichorekodi kimefungwa ndani ya king'amuzi hicho hicho: disk ukiichomoa na kumpelekea shemeji Dongobesh, haisomeki.

Flash haina masharti hayo. Chaneli ya picha ya kawaida inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hula takriban megabaiti 900 kwa saa, hivyo flash ya gigabaiti 32 hubeba saa zipatazo 35. Inaingia mfukoni, inahama nyumba, na inachezwa moja kwa moja kwenye televisheni yenye tundu la USB, hata kama kifurushi kimekwisha.

Ndiyo maana biashara iliyochangamka ni ile ya duka la kuweka muvi. Kompyuta moja, spika mlangoni, na mafaili yaliyopangwa kwa majina ambayo kila mteja anayaelewa: Bongo, Kikorea, zilizotafsiriwa, kwaya. Mteja anatoa flash, muuzaji anauliza, "Ina gigi ngapi, mama?" kisha anafuta za zamani na kuweka mpya. Muvi zilizotafsiriwa, ambazo msimulizi anaeleza kisa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, zina soko lake peke yake. Humo humo utakuta nyimbo za Kiiraqw na Kidatoga na video za harusi, vitu ambavyo kifurushi cha Dar es Salaam hakivileti.

King'amuzi bado kinahitajika. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na milima ya Mbulu pamoja na Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, huziba mawimbi ya antena, kwa hiyo dishi lina faida kubwa. Ninaloliona lina soko ni king'amuzi cha bei nafuu chenye tundu la USB, hasa kile kinachokubali kurekodi kwenye flash ya mteja mwenyewe. Muuzaji amwoneshe mteja namna ya kurekodi kabla hajatoka dukani. Wengi wana kitufe cha kurekodia kwenye rimoti na hawajawahi kukibonyeza.

Mpira ni habari nyingine. Mechi ya Simba na Yanga haina thamani asubuhi ya pili, matokeo yakishajulikana stendi nzima. Azam Media ilisaini na shirikisho la soka, TFF, mwaka 2021 mkataba wa kurusha ligi kwa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na kinachouzwa pale ni dakika 90 zenyewe. Kibanda umiza, pale watu wanapolipa kutazama pamoja, kinaishi kwa dakika hizo, na kitaendelea kuishi.

Simu ndiyo mshindani wa kuogopwa. Kijana mwenye bando hupakua video ya YouTube penye mtandao mzuri, akaitazama baadaye mtandao ukiwa umekata. Ila bando la kutazama muvi nzima bado ni ghali kwa mwenye kipato cha msimu, na skrini ya simu haikusanyi familia.

Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya biashara ya flash inawanyima wasanii haki yao, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Kuwafukuza wauza muvi hakutoshi. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, na wasambazaji wangewapa leseni nafuu, wakawatumia kazi mpya kihalali na kukusanya mgawo kwa malipo ya simu. Maduka haya yameshafika ambako santuri za Kariakoo zilikuwa zikichelewa, na wenye nayo wanajua kila mteja anapenda nini. Filamu ikitoka Dar es Salaam Ijumaa inaweza kuuzwa Dongobesh Ijumaa hiyo hiyo, na mtayarishaji akapata chake kabla ya Jumatatu.