Je, wajua kilichomo ndani ya mkanda wa video?

Ukifunua kile kimfuniko cha mbele cha mkanda wa VHS, utauona utepe mweusi unaong'aa, upana wake milimita 12.7. Hauna picha hata moja ya kuonekana kwa macho. Kilichopo ni chembe za oksidi ya chuma zilizoshikizwa kwa gundi juu ya plastiki nyembamba, na usumaku wa chembe hizo ndiyo harusi nzima ya shangazi yako.

Kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuuza mfumo huu mwaka 1976. Picha inayotembea hubeba taarifa nyingi mno. Kama hedi, yaani kichwa kinachoandika na kusoma utepe, ingetulia tuli, ilivyo kwenye kaseti za redio, utepe ungelazimika kwenda mbio na kwisha upesi. Kwa hiyo wahandisi waliuacha utepe utambae sentimita 2.3 tu kwa sekunde, wakazizungusha hedi zenyewe. Ndani ya deki zetu za kuchezeshea mikanda kuna silinda ya chuma iliyoinama kidogo, inayozunguka mara 25 kila sekunde. Hedi zake mbili huandika mistari ya mshazari, kila mmoja una urefu wa karibu sentimita 10 na ni mwembamba kuliko unywele. Mstari mmoja ni nusu ya picha. Utepe ukivutika au hedi ikichafuka, hedi zinaikosa mistari, na hapo ndipo chenga zinapotokea.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilishaanza kurusha matangazo ya rangi miaka ya 1970. Nyumba nyingi za bara zenye runinga ziliitumia hasa kuangalizia mikanda. Sauti na mwendo wa wazee wengi wa enzi hizo vimebaki humo tu.

Unyevu wa pwani ndio adui mkubwa. Gundi hunyonya maji, utepe ukanata. Chungulia kwenye kidirisha cha mkanda: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe uliozungushwa, hiyo ni kuvu. Usiuchezeshe kabisa, maana utachafua hedi na kuambukiza mikanda mingine. Mpe fundi ausafishe kwanza. Lakini hata mkanda mzima haufai kitu bila deki, na Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kinachojulikana kuzitengeneza, kilisimamisha kazi hiyo Julai 2016.

Dawa ni kuuhamishia mkanda kwenye kompyuta, na kazi hiyo haina njia ya mkato: mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu. Nakala ya kwanza isibanwe sana. Kwa mfumo wa kidijitali wa DV, saa moja hula takriban gigabaiti 13. Kutoka kwenye nakala hiyo ndipo utengeneze MP4 ndogo ya kuwatumia ndugu. Kuhusu programu za akili mnemba zinazong'arisha sura, mimi nina msimamo: zinabuni kope na mikunjo ambayo kamera haikuinasa kamwe. Huyo hawi bibi tena. Rangi irekebishwe, mikwaruzo ipunguzwe, sura iachwe.

Basi ukimpelekea fundi mkanda, mwulize mambo mawili kabla hujamwachia: hedi za deki yake amezisafisha lini, na je, atakupa nakala ghafi pamoja na ile iliyorekebishwa? Akisita kwa lolote kati ya hayo, ondoka na mkanda wako utafute mwingine.