"Masaa ya Ngilu" na Sarufi ya Jukwaa

Mwaka 1997 Bi. Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati tangu 1992, aliwania urais wa Kenya kwa kaulimbiu "Masaa ya Ngilu". Sarufi sanifu inashikilia kwamba wingi wa "saa" ni "saa". Hata hivyo, nisingeitia kaulimbiu hiyo wino mwekundu: "masaa" ni neno la sokoni, nalo lilimweka mgombea katikati ya wachuuzi. Akashika nafasi ya tano. Akiwa Waziri wa Afya, mswada wake wa bima ya afya ulipitishwa na Bunge mwaka 2004. Rais Kibaki hakuutia sahihi. Walimu, wanafunzi na waipime hotuba kwa maswali mawili: imemgusa nani, na imemfikishia nini?