Shokapu ya mtumba haipewi namba bila vipimo

ASUBUHI ya Jumapili, Juni 27, 2021, Thierry Neuville alikuwa anaongoza Safari Rally kule Naivasha kwa karibu dakika moja. Kwa lugha ya soka, hizo ni bao mbili mkononi dakika ya 80. Ikaja hatua ya Loldia, shokapu ya nyuma ya Hyundai yake ikafa na mchezo ukaishia hapo. Sebastien Ogier wa Toyota akabeba kombe, Takamoto Katsuta akamaliza wa pili.

Kama timu ya kiwanda, yenye mafundi kibao na vipuri vya kumwaga, inalizwa na shokapu moja, vipi jamaa anayeshindana kwa hela ya mfukoni? Huyo mara nyingi anakimbilia shokapu zilizokwishatumika. Kununua mtumba si dhambi. Dhambi ni kuitoa kwenye boksi na kuifunga moja kwa moja kwenye gari.

Safari ilianza 1953, na ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 baada ya kukosekana tangu 2002. Barabara zake hazina urafiki. Kuna mawe, makorongo na lile vumbi laini kama unga linaloficha kilicho chini yake. Shokapu ndiyo kiungo mkabaji wa gari: haiimbwi na mashabiki, ila ikikosekana kila mtu anaona.

VIPIMO KWANZA
Mchezaji aliyetoka majeruhi hupelekwa kwa daktari kabla ya kusaini. Shokapu nayo ni hivyohivyo. Inaoshwa mpaka ing'ae, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiingia ndani inakula sili mpya kama msumeno.

Kisha inakaguliwa rodi, ile fimbo inayong'aa. Fundi anapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili mpya haitadumu, mafuta yatavuja tu. Rodi iliyopinda, hata kidogo, haina mjadala, inawekwa kando. Mabomba yanaangaliwa kama yamebonyea, na sehemu za kufungia bolti kama zina nyufa.

KUIFUNGUA
Shokapu za rali zimetengenezwa zifunguliwe. Ndani yake kuna gesi ya naitrojeni yenye mgandamizo, na hiyo inatolewa kwanza. Anayefungua kabla ya kuitoa anacheza na maisha yake.

Sili, bushi na mafuta vyote vinatoka, vinaingia vipya. Bushi hazionewi huruma, maana shokapu nyingi za rali za mbele hukaa kichwa chini na bushi ndizo zinazobeba msukumo wa pembeni kila tairi linapogonga jiwe. Kwenye pistoni kuna visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwa mpangilio maalumu. Hivyo ndivyo vinavyoamua mafuta yapite kwa kasi gani. Ukivichanganya, umebadilisha mfumo wa kocha bila kumwambia.

Wakati wa kujaza mafuta, hewa yote inatolewa. Hewa ikibaki, mafuta yanatoa povu, na shokapu inalegea katikati ya mbio. Baada ya hapo gesi inarudishwa kwa kipimo, na shokapu inawekwa kwenye mashine ya kupimia nguvu. Kinachotafutwa ni kulia na kushoto zifanane. Zikitofautiana, gari litakuwa na tabia mbili, moja kwenye kona ya kulia na nyingine kwenye kona ya kushoto.

Springi inabanwa kwa kifaa chake, siyo kwa kamba wala kwa kubahatisha, kwa sababu ikichomoka inaua. Beringi ya juu, raba na kava la vumbi vikichoka vinabadilishwa palepale. Nati ya juu inawekwa mpya. Gari likishuka chini, linapelekwa alaimenti.

ZA MTAANI NI LIGI NYINGINE
Shabiki mwenye gari lake la kwendea uwanjani asiige kila kitu. Shokapu nyingi za magari ya kawaida zimefungwa kwa kuchomelewa, hazikuundwa zifunguliwe. Kuzitoboa, kuzijaza mafuta na kuchomea tena ni kununua siku chache tu, na kupeleka moto kwenye shokapu yenye gesi ni kutafuta mlipuko.

Kwa hiyo anayekwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kusaka za mtumba, aangalie kama kuna mafuta yanayovuja, aibonyeze na aisikilize. Ikizama bila ubishi au ikigonga ndani, airudishe. Iliyo salama inunuliwe jozi, kisha apewe raba, beringi na kava jipya kabla haijafungwa. Vitu hivyo ni vidogo, lakini ndivyo vinavyochakaza shokapu nzima mapema, na fundi atalazimika kuishusha tena kazi yote upya.